Nusu Yangu

Nimeikuta Winterthur, soko la Jumamosi kando ya reli,
chini ya vijiko na saa zisizokwenda:
kadi yenye urefu wa mkono wa mtoto,
meno yake ya dhahabu hayajachujuka,
na katikati bonge la utomvu mweusi, gumu kama ukwato.
"Faranga nane," akasema muuzaji. "Sijui inafanya nini."
Mimi nilijua. Sikusema. Nimezoea.

Ndani ya bonge lile mna nyuzi nyembamba kuliko unywele,
zimezungushwa, zikazungushwa tena.
Ukitoboa, uzi mmoja ukikatika,
kadi husahau yote kabla bisibisi haijafika ndani.
Ndivyo ilivyoumbwa: afadhali kusahau kuliko kusema.
Nilifanya nayo kazi miaka kumi na tisa
na sijapata kumwona mtu mwenye msimamo huo.

Benki ilituweka chini ya ardhi, ngazi thelathini na moja,
kompyuta ya kijivu ikinguruma kama jokofu la buchani.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
na ufunguo mzima hakupewa mtu mmoja:
mimi tarakimu kumi na sita,
Gian-Andrea Caduff kumi na sita zake.
Nikiandika zangu, yeye hutazama ukuta.
Akiandika zake, ukuta natazama mimi.
Ulikuwa na ufa wenye umbo la mguu wa kuku.
Kadi huchanganya nusu mbili ndani ya giza lake,
hutoa namba sita za uhakiki, hizo si siri,
nasi hutia sahihi daftarini, tukapanda juu kunywa kahawa.
Miaka kumi na tisa ya "Bi Aeschlimann", "Bwana Caduff".
Mkewe alipofariki, nilisoma gazetini.

Sasa yuko nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, upande wa mto Töss.
Binti yake akija, humuuliza kama ametoka posta.
Niliipeleka ile kompyuta (mpwa wangu Florin aliibeba,
akiulaumu mgongo wake hadi mlangoni)
pamoja na betri mpya ya kadi,
maana ile ya kwanza ilikufa zamani
na kila ilichokilinda kikafa nayo, kimyakimya, kama ilivyoagizwa.
Muuguzi alidhani ni televisheni.

Nikaiwasha. Herufi za kijani zikaomba nusu ya kwanza.
Vidole vyangu viliondoka bila kuniaga.
Ya mwisho ni nne, au tisa? Nikabonyeza tisa.
Kisha nikamwekea kibodi magotini.
Hakuiangalia. Aliniangalia mimi, kwa ukali wa enzi zile,
akasema, "Bi Aeschlimann. Ukuta."

Nikageuka.
Ukutani palikuwa na dirisha. Nje theluji inageuka matope,
mtu anamvuta mbwa asiyetaka kwenda.
Nyuma yangu: tak, tak, kimya kirefu, tak.
Nilihesabu. Sikuwa na ruhusa ya kuhesabu.
Kumi na sita.

Namba sita zikatokea. Hazikuwa zile.
Zile nazikumbuka kuliko simu ya nyumbani kwetu utotoni.
Na kadi haijui neno "karibu":
ukikosea tarakimu moja tu, zote sita huwa ngeni.
Mmoja wetu amesahau. Nani, haisemi.
Huenda ni yeye. Huenda ni ile tisa yangu.
Kilichozaliwa mle ndani ni ufunguo mpya kabisa,
na hakuna kufuli duniani linaloujua.

"Zinalingana?" akauliza.
"Zinalingana."
Akadai daftari. Nikampa menyu ya Alhamisi, upande wa nyuma.
Akaandika tarehe ya mwaka mwingine,
akatia sahihi, ile C na mkia wake uleule,
akanisogezea kalamu,
akasubiri.